Kuchomoa Tu

Matatu ya Eldoret ilikuwa imebakisha kiti kimoja, na makanga alikuwa amesimama mlangoni mwa kibanda cha chai akinitazama. "Wewe unaenda ama huendi?" Laptopu yangu ilikuwa mezani, flashi imechomekwa ubavuni. Kwenye skrini, ule mstari wa kuhamisha faili ulikuwa umejaa na kupotea. Imeisha, nikajiambia. Nikachomoa flashi, nikafunga laptopu, nikakimbia.

Ndani ya hiyo flashi, nilivyodhani, kulikuwa na dakika 47 za sauti ya Shosho.

Naishi naye hapa Timboroa, kwenye viazi, karoti na ukungu. Reli ya Nakuru kwenda Eldoret inapita hapa, na sehemu yake ya juu kabisa ni futi 9,136 kutoka usawa wa bahari, kwa hivyo baridi yetu si ya mchezo. Guka alifanya kazi kwenye hiyo reli hadi mgongo ukakataa. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, na sasa naandika makala za watu wengine na kusikiliza mahojiano ya watu nisiowajua nikiyageuza kuwa maandishi. Siku moja nikajiuliza: mbona nasikiliza sauti za wageni kutwa nzima, na Shosho hajawahi kurekodiwa hata mara moja?

Kitu kimoja nilichotoka nacho chuoni ni Linux. Kazi za wateja nazifanya kwa Windows, lakini ndani ya hiyo Windows nimeweka VirtualBox, na ndani ya VirtualBox kuna Ubuntu. Kompyuta ndani ya kompyuta. Flashi zote zilizopitia saiba nazifungua huko kwanza. Si unajua zile virusi zinazogeuza folda zako zote kuwa njia za mkato? Hizo ziliandikiwa Windows. Ukizifungua kwa Linux unaziona zimelala tu, unazifuta.

Lakini flashi haiwezi kukaa nyumba mbili kwa wakati mmoja. Unaenda kwenye menyu ya VirtualBox, unachagua vifaa, unachagua USB, unaweka alama kwenye jina la flashi yako. Hapo Windows inaipoteza kabisa, kana kwamba umeichomoa. Linux inaipokea na kuipachika, yaani inaipa mahali pake kwenye mti wa folda. Mara nyingi inajipachika yenyewe. Ikikataa, unaandika `lsblk` uone imepewa jina gani, labda `sdb1`, kisha unaipachika kwa mkono kwa amri ya `mount`.

Kuingia ni rahisi. Shida yangu ilikuwa kutoka.

Linux ikikuambia faili imehama, haimaanishi imefika kwenye flashi. Inaipokea kwenye kumbukumbu ya RAM, inakuambia tayari ili uendelee na mambo yako, halafu inaiandika taratibu. Kwa kawaida data inaweza kungoja karibu sekunde 30 kabla ya kuhesabiwa kuwa imechelewa, na flashi ya bei rahisi ikiwa polepole, inangoja zaidi. Ni kama kumpa makanga mzigo wa kupeleka Eldoret. Mzigo umetoka mikononi mwako, sawa, lakini haujafika.

Na kidole changu kilikuwa kimezoea Windows. Tangu toleo la Windows 10 la mwisho wa 2018, flashi huwekwa kwa mpangilio wa kutolewa haraka, kwa hivyo ukingoja kunakili kuishe, unachomoa na kwa kawaida hakuna linaloharibika. Nilikuwa nimechomoa hivyo miaka mingi. Siku hiyo flashi ilikuwa mikononi mwa Linux.

Kosa la pili lilikuwa baya zaidi: sikunakili, nilihamisha. Diski ya ile Ubuntu nilikuwa nimeipa gigabaiti 20 tu na ilikuwa imejaa. Kwenye simu nilikuwa nimeshafuta. Nilikuwa napeleka rekodi Eldoret, kwenye intaneti ya kasi, nimtumie shangazi. Nilipofungua flashi pale saiba, jina la faili lilikuwepo. Ukubwa wake: sufuri.

Usiku huo niliendesha PhotoRec kwenye diski ya Ubuntu. Ni programu ya bure inayotafuta mabaki ya faili zilizofutwa. Ilinirudishia dakika 11. Guka akiwa kijana, reli, bei ya viazi zamani. Sehemu ya Januari 2008 haikuwemo: usiku alioondoka nyumbani na watoto, njia waliyopita, jirani aliyewafungulia mlango na yule ambaye hakufungua. Alikuwa hajawahi kunisimulia hayo. Nilikuwa mtoto, nakumbuka tu tope na mahema kule Nakuru.

Nilimwambia ukweli. Alinyamaza, akaendelea kumenya viazi. Wiki mbili baadaye alikubali kurekodiwa tena. Alizungumza dakika 31. Tulipofika 2008, akasema, "Hiyo nilishakuambia, mjukuu wangu." Akapita.

Sikumsukuma. Ninayakumbuka aliyoyasema, mengi yake, lakini kwa maneno yangu. Majina mawili siyakumbuki, na siwezi kumuuliza.

Nimefikiria pia jinsi nilivyotoka chuoni. Karo ilikwama, nikafunga begi Ijumaa, nikapanda gari. Sikuandika barua ya kuahirisha masomo, sikumuaga mhadhiri hata mmoja. Barua ya ukurasa mmoja ingenishikia nafasi. Nilipopiga simu mwaka uliofuata niliambiwa nianze upya. Kwangu mimi mambo yalikuwa yameisha, kwa sababu mimi nilikuwa nimeshaondoka.

Siku hizi nafanya hivi. Nafunga kila dirisha linalosoma flashi. Naandika `sync` na kungoja hadi mstari urudi. Halafu `umount`, bila ile n ya kwanza ambayo sote tuliiweka tukianza. Mashine ikijibu kwamba pana shughuli, naangalia kwa `lsof` ni programu gani bado imeshika faili. Mara nyingi ni mimi mwenyewe, tamino imebaki ndani ya folda ya flashi. Kisha naondoa ile alama kwenye menyu ya VirtualBox, flashi inarudi Windows, naitoa salama huko pia. Ndipo nachomoa. Na nanakili, sihamishi. Cha kwanza nakifuta nikishafungua cha pili na kukisikiliza.

Rekodi ya dakika 31 niliihifadhi Shosho akiwa amekaa kando yangu, shuka mabegani. Taa ya flashi ilikuwa inawaka na kuzima.

"Imeingia?" akauliza.

"Bado, Shosho."

Nje matatu ilipiga honi, ikangoja kidogo, ikaondoka.