Siku Tuliyoizunguka Berlin

Wahenga walisema: Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Bibi yangu mzaa mama, mtu wa Lindi, aliipenda sana methali hiyo. Kila aliyekuja kumuaga alimwambia hivyo, kisha akarudi kwenye ukili wake, akaendelea kusuka. Nami nilimwambia mume wangu maneno hayo hayo siku aliyoondoka kwenda kusoma Ujerumani. Nilidhani methali inatosha.

Miaka miwili ikapita. Mtoto wetu akajua kutembea, akajua kusema, na simu yangu akawa anaiita "baba". Basi likizo ya Juni nilipata viza, nikamwacha mtoto kwa mama, nikapanda ndege. Nilikuwa na siku kumi na swali moja. Siku tisa zikaisha, swali bado liko kooni. Asubuhi ya siku ya kumi mwenzangu akasema, "Mama watoto, leo nakutembeza. Usije ukarudi nyumbani watu wakakuuliza Berlin ikoje, ukabaki kuuma kidole."

Tulianzia Alexanderplatz, chini ya mnara wa televisheni. Una urefu wa mita 368, na ukiinua uso kuuangalia shingo inalia. Mwenzangu akanieleza kwamba ulijengwa na serikali ya Ujerumani Mashariki, ukafunguliwa mwaka 1969. Akaeleza na mengine mengi. Sasa msomaji, lazima nikwambie kwamba mume wangu si msemaji. Nyumbani mnaweza kumaliza sinia la wali naye hajatamka neno. Lakini siku ile alisema kama dalali wa samaki pale Feri. Nikajua anaogopa tukinyamaza.

Tukapanda basi namba 100, tukakaa ghorofani, mbele kabisa kama watoto. Likatupitisha barabara ya Unter den Linden mpaka Lango la Brandenburg. Nilikuwa nimeliona kwenye picha tangu shuleni. Lina nguzo sita kila upande, na juu yake farasi wanne wanaovuta gari la mungu wa kike wa ushindi. Watu walikuwa wengi, kila mtu na simu yake hewani.

Nyuma ya lango, barabarani, kuna mistari miwili ya mawe inayoonyesha ulipopita Ukuta uliojengwa Agosti 1961 na kufunguliwa Novemba 9, 1989. Nikasimama mguu mmoja huku, mwingine kule. Mwenzangu akanipiga picha.

"Zamani wangekupiga risasi," akasema.

Nikacheka. Halafu nikawafikiria waliolala usiku mmoja, wakaamka ndugu zao wako ng'ambo ya waya. Walau wao waliwekewa ukuta. Sisi tulikuwa tumetenganishwa na nini?

"Unawaona farasi wale?" akaendelea haraka haraka. "Napoleon aliingia hapa mwaka 1806 akawachukua, akawapeleka Paris."

"Wakarudije?"

"Wenyewe waliwafuata. Napoleon aliposhindwa mwaka 1814 wakawarudisha, wakawapandisha tena juu. Waliopo sasa ni nakala tu, wale wa kwanza waliharibika katika Vita Kuu ya Pili."

Mimi nilibaki na lile neno moja: waliwafuata.

Tukala mkate wa nyama kwa Mturuki mmoja, tumesimama, kisha tukashika Wilhelmstraße. Hapo hakuna foleni ya watalii. Kuna bango la kumbukumbu kando ya njia, watu wanalipita wakiwahi shughuli zao. Ni mahali lilipokuwa jumba la Bismarck, ulipofanyika ule mkutano wa kuanzia Novemba 15, 1884 mpaka Februari 26, 1885. Hakukuwa na Mwafrika hata mmoja mezani. Kesho yake, Februari 27, Kaisari akatia sahihi barua ya kumlinda Carl Peters na mikataba yake ya Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami. Darasani nimeifundisha tarehe hiyo mara nyingi, chaki mkononi. Pale nilijikuta nimesimama tu. Mwenzangu naye, kwa mara ya kwanza siku ile, alinyamaza.

Nikamwambia, "Sasa nipeleke kwa mjusi."

Hilo ndilo jambo pekee nililokuwa nimeliomba. Baba yake bibi, alipokuwa kijana, alibeba mizigo ya Wajerumani kutoka Tendaguru hadi bandarini Lindi. Bibi alisimulia kwamba walikuwa wakibeba mawe ambayo hayakuwa mawe, ni mifupa ya zimwi iliyofungwa vizuri kama maiti. Tulipokuwa wadogo tulimcheka. Nimekuja kuyasoma baadaye chuoni, nikaona bibi hakuongeza chumvi. Kuanzia mwaka 1909 mpaka 1913 mamia ya watu wetu walichimba pale, wakiongozwa na msimamizi wao Boheti bin Amrani. Vita vya Majimaji vilikuwa ndiyo kwanza vimekwisha, na njaa yake bado iko majumbani. Zaidi ya tani 200 zilifika pwani vichwani na mabegani mwa watu, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu.

Tulipanda treni ya chini ya ardhi, vituo vitatu, tukashuka kwenye jumba la makumbusho. Tukakata tikiti. Ndugu msomaji, sikuwa nimejiandaa. Ukumbi ni mkubwa kama msikiti, na katikati amesimama yeye, shingo juu, mita 13 na ushei kutoka sakafuni, wa miaka milioni 150 iliyopita. Walimsimamisha mwaka 1937. Watoto wa Kijerumani walikuwa wakikimbia miguuni pake wakipiga kelele za furaha. Nikaona maandishi, nikaona jina la Tendaguru. Macho yakajaa machozi.

"Vipi?" mwenzangu akauliza. Yeye ni mtu wa Iringa, kile kisa cha bibi hakuwahi kukisikia. Nikamsimulia chote, taratibu. Nilipomaliza nikasema, "Naangalia upi kati ya mifupa hii ulipita kichwani kwa babu."

Tukakaa kwenye benchi. Hakusema kitu. Nikaona kama sisemi leo, nitasema lini, na ndege ni kesho?

"Bibi alisema aendaye hurejea," nikaanza. "Huyu mbona hakurejea? Na wale farasi wamerejea kwa sababu walifuatwa. Mimi sikuja kutembea, baba. Nimekuja kukufuata. Utarudi lini?"

Akainamisha kichwa, akavitazama viatu vyake muda mrefu.

"Wamenipa kazi hapa," akasema. "Miaka mitatu. Nimeambiwa tangu Machi. Bado sijatia sahihi."

"Tangu Machi! Na kila Jumapili tunaongea?"

"Nilikuwa nasubiri uniulize."

"Na mimi nilikuwa nasubiri uniambie."

Hatukugombana. Pengine kwa sababu ya wale watoto, pengine kwa sababu ya yule mjusi. Alinieleza kuhusu mshahara, kuhusu maabara ambayo kwetu haipo, kuhusu aibu ya kurudi mikono mitupu. Nami nikamweleza kuhusu mtoto na simu. Hapo ndipo sauti yake ilipokatika. Kazi yangu ya ualimu siwezi kuiacha nikaja kukaa ghorofani nisubiri mtu wa jioni, nalo hilo nililisema. Mwisho akasema, "Nipe mpaka Desemba." Nikampa.

Kabla ya kutoka tulimwomba mama mmoja atupige picha. Siku nzima tulikuwa tumepigana picha kwa zamu, mmoja huku, mwingine kule, kwa hiyo ndiyo picha pekee tuliyomo sote wawili. Macho yetu mekundu. Mjusi hakuenea, wameonekana miguu yake tu.

Nimerudi Lindi. Mtoto nimemwonyesha picha ile, akaweka kidole mahali pake, akasema "baba". Methali ya bibi bado naipenda, ila nimeiongezea kidogo: mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, lakini naye aliyeko ngamani aite. Mimi nimeita. Desemba bado haijafika.