Hesabu Niliyompigia Mwanangu

Wazazi wenzangu, nawasimulieni kosa langu, huenda likamfaa mwingine.

Mwanangu wa tatu yuko chuo kikuu. Tuliuza ng'ombe wawili ili aende, nami nikawatangazia majirani kwamba atarudi daktari. Noeli iliyopita akaniambia, "Baba, nasoma elimu ya nyota. Natumia kompyuta kuhesabu mikondo ya moto inayoruka huko mbali angani."

Nilikasirika. "Kumbe ng'ombe wangu wameliwa na nyota!" nikamjibu. Siku mbili hatukusemezana vizuri. Mwishowe mama yake akaniuliza, "Baba, umemwuliza hata kazi yenyewe ni ya namna gani?" Basi jioni nikamwita, tukaketi uani.

Alinieleza hivi. Mwaka 1918 Bwana Heber Curtis, mtaalamu wa nyota huko California, Marekani, aliona mwali ulionyooka ukitoka katikati ya kundi la nyota liitwalo M87. Kundi hilo liko mbali hata mwanga wake huchukua miaka kama milioni 55 kutufikia. Mwali huo ni mkondo wa plasima, yaani hewa ambayo atomu zake zimevunjika. Hutoka karibu na shimo jeusi, kitu kizito kama majua bilioni 6.5, ambacho hata mwanga ukiingia hautoki. Ndani ya mkondo huo elektroni, chembe ndogo mno, hukimbia karibu sawa na mwanga. Zinapozunguka katika nguvu za sumaku, hutoa nuru.

"Nani anazikimbiza?" nikauliza.

Akachukua mpira wa mdogo wake. "Baba, mpira huu ukidunda baina ya kuta mbili zinazokaribiana, kila pigo litauongezea mwendo. Bwana Enrico Fermi alitoa wazo la namna hiyo mwaka 1949, ila kuta zake ni za sumaku."

Kwa kuwa hakuna awezaye kufika huko, wataalamu hujitengenezea mbingu ndogo katika kompyuta. Huweka humo chembe mamilioni. Umeme na sumaku huzisukuma, nazo chembe hubadili umeme na sumaku hiyo. Kompyuta hupiga hesabu hatua kwa hatua, tena na tena. Hata Padre Georges Lemaître wa Ubelgiji, katika miaka ya 1930, alishirikiana na Bwana Manuel Sandoval Vallarta kuhesabu njia za chembe zitokazo angani zinapokutana na sumaku ya dunia; nao walisaidiwa na mashine ya wakati ule. Niliposikia habari ya padre, moyo ukalegea kidogo.

Nikamwuliza, "Mtajuaje kwamba mbingu yenu ya kompyuta si ya uongo?"

"Hesabu peke yake haitoshi, Baba. Ni lazima tuitazame mbingu yenyewe. Visipolingana, tunarudi kutafuta kosa katika hesabu, mbingu haikosei. Mwaka 2019, picha ya shimo lile la M87 ilipotolewa, wataalamu waliilinganisha na maelfu ya picha zilizotokana na hesabu."

Neno hilo lilinichoma. Kwa miaka mingi nilikuwa na mwana wa hesabu kichwani mwangu: daktari, mwenye gari, atakayeniezekea nyumba kwa bati. Mwanangu halisi alipoketi mbele yangu, sikumtazama. Nilimlaumu kwa sababu hakulingana na hesabu yangu.

Usiku ule, kabla ya Rozari, nilimwomba radhi mbele ya mama yake na wadogo zake. Bado nina wasiwasi jinsi elimu hiyo itakavyomlisha, wala sikumficha. Lakini sasa tunazungumza.

Wazazi wenzangu, watoto ni wa Mungu, sisi tumekabidhiwa tu. Tuwapangie mema, ndiyo. Lakini tuwatazame kwanza na kuwasikiliza. Tukiona hawalingani na mipango yetu, tuipime upya mipango hiyo kabla ya kuwahukumu.