Ishirini na Mbili Nukta Nne

Ilikuwa mwaka 1996, nipo kidato cha nne Kiwira. Mkondo wa A walifanya titresheni asubuhi, sisi wa B zamu yetu mchana. Hata kabla hatujapanga mstari mlangoni mwa maabara, habari ilishatufikia: "Jibu ni 25."

Nani angebisha? Alkali ilikuwa molari 0.1, pipeti ya sentimita za ujazo 25. Asidi ikiwa 0.1 vilevile, jibu ni hilohilo. Tulikwenda kupima kitu ambacho tayari tunakijua.

Msomaji, kama umewahi kuishi Rungwe unaujua mchana usio mchana. Ukungu umeumeza mlima, mvua inapiga bati, umeme hakuna. Sasa hebu wewe itazame metili oranji ikitoka njano kwenda rangi ya chungwa katika giza lile! Tulikuwa tunazibeba chupa mpaka dirishani, karatasi nyeupe chini yake, tunakodoa macho, kisha tunarudi kwenye bureti kuongeza tone moja. Pipeti tulivuta kwa mdomo kama mrija wa soda. Ukizidisha, unaonja sodiamu haidroksaidi, inateleza ulimini kama sabuni. (Usiige. Upo mpira maalumu wa kuvutia, ila sisi hatukuwa nao.)

Kazi yangu niliifanya vizuri, hilo nalisema bila haya. Nilifungua bomba la bureti kidogo kwanza, kiputo cha hewa kitoke kwenye ncha, maana kikitoka katikati ya kazi kinakuongezea namba ya uongo. Nikasoma macho yakiwa sawa na asidi. Karatasi ilikuwa imelowa, nikaandika kiganjani kwa Bic: majaribio 22.80, halafu 22.40, 22.50, 22.40.

Namba safi kabisa, zimekaribiana kama ndugu. Tatizo lake hazikuwa 25.

Basi nikapika. Kwenye jedwali nikajaza 25.40, 25.00, 24.90, 24.90. Ile 25.40 niliiweka makusudi, ionekane nilihangaika.

Dada aliyekuwa meza ya pili akaninong'oneza, "Umepata ngapi?"

Yule hakuwa mtu wa kuibia majibu. Alikuwa ananipita kemia, na sote tulijua.

"Ishirini na tano."

Akaitazama bureti yake kwa muda. Akachukua rula, akakata jedwali lake lote, akaanza kuandika upya.

Kesho yake mwalimu aliingia na karatasi zetu, anacheka kwa namna tusiyoipenda. Asidi ya asubuhi ilikuwa imekwisha, akachanganya nyingine mchana, kali kidogo kuliko ya kwanza. Jibu letu lilipaswa kuwa karibu gramu 4.07 kwa lita. Darasa karibu zima tulikuwa tumeandika 3.66.

"Nyie B ni mabingwa," akasema. "Mmeipima asidi ya wenzenu, tena ilishamwagwa!"

Wakati wa mapumziko yule dada alinifuata kwenye baraza. Malori ya kutoka Kasumulu yalikuwa yanapita barabarani, ikabidi anisogelee.

"Mimi nilipata 22.4," alisema. "Wewe kweli ulipata 25?"

Wino ulikuwa bado haujafutika vizuri. Nikafumba kiganja, nikaingiza mkono mfukoni.

"Kweli," nikamwambia.