Boksi Limebadilika, Je, Dawa Ni Ile Ile?



Leo tunaweka kando vitambaa na hina, maana suala hili limetugusa nyumbani. Mama yetu ana sukari, na kila usiku anajichoma insulini ya Lantus. Juzi juzi kwenye duka la dawa akapewa boksi jengine, jina jengine, bei nafuu. Akalitazama, akalitia kwenye friji, akasema, "Hii feki, wanangu. Sijichomi." Siku mbili! Sukari ikapanda, usiku kucha yuko njia ya chooni, na sisi mabinti zake roho juu. Tukampeleka kwa daktari.

Kumbe kuna mambo mawili tunayoyachanganya. Panadol ni jina la biashara tu, dawa yenyewe ni parasetamoli. Glucophage nayo ni metformin. Haki ya kampuni ya kwanza ikimalizika muda wake, wengine huruhusiwa kutengeneza kemikali ile ile kwa kipimo kile kile. Hizo ndizo jeneriki. Rangi ya kidonge itabadilika, lakini chumvi ni chumvi hata ukibadilisha paketi.

Insulini ni habari nyengine. Hutengenezwa ndani ya viumbe hai vidogo mno, bakteria au hamira. Sasa fikirieni mkate wa kumimina: mchele ule ule, nazi ile ile, hamira ile ile, lakini wako na wa jirani yako havifanani tundu kwa tundu. Na yote ni mikate ya kumimina, inalika na inashibisha. Dawa ya namna hii ikitengenezwa na kampuni nyengine huitwa baiosimila, na hairuhusiwi mpaka ithibitike kuwa inatibu sawa na ile ya kwanza na haina madhara zaidi. Boksi la mama lilikuwa na insulini glargine, ile ile iliyomo ndani ya Lantus. Marekani mwaka 2021 waliruhusu mfamasia atoe Semglee badala ya Lantus bila kumrudia daktari. Daktari wetu yeye anataka aambiwe kwanza, na sukari ipimwe mara nyingi zaidi siku za mwanzo. Sisi tunaona ana haki.

Mama akauliza, "Haina nguruwe?" Suali zuri. Zamani insulini ilitolewa kwenye kongosho la ng'ombe na nguruwe. Tangu 1982 inauzwa ya kibinadamu inayotengenezwa na bakteria, na glargine pia haitoki kwa mnyama.

Na wewe bi harusi wetu mwenye sukari, unayehamia kwa mume na duka la dawa jipya: usiende na jina kubwa la juu ya boksi peke yake. Andika lile dogo la chini, pamoja na nguvu yake kwa mililita. Na kalamu ya sindano ikiwa ngeni, mwambie mfamasia akuoneshe namna ya kuitumia kabla hujatoka dukani.