Sugu za Vidole

Kwa muda wa miaka 37 nilikuwa nikijaza ripoti za wanafunzi, na katika nyingi ya ripoti hizo niliandika maneno mawili tu: "Aongeze bidii." Niliyaandika bila kufikiri sana, kama karani anayegonga muhuri. Sasa gita langu limening'inia msumarini nyuma ya mlango wa chumba cha wageni hapa Kilosa. Masika yote limekaa hapo, na buibui amefunga utando kati ya shingo yake na ukuta. Kama ingenipasa kujijazia ripoti yangu mwenyewe, msomaji wangu, ningeandika nini?

Gita nilianza kujifunza mwaka 1972, nikiwa katika chuo cha ualimu karibu na Morogoro. Siku zile mji ule ulikuwa mji wa Mbaraka Mwinshehe. Alikuwa bado yuko Morogoro Jazz, na gita lake tulilisikia redioni hata tukajua kuliiga kwa midomo. Chuoni tulifundishwa muziki kwa do-re-mi iliyoandikwa ubaoni, tukiimba kwa kufuata fimbo ya mkufunzi, lakini gita hakuna aliyetufundisha. Mwenzetu mmoja aliyekuwa akimaliza aliniuzia gita kavu lenye ufa mgongoni, nami nikamlipa kidogo kidogo kwa muda wa miezi mitatu. Darasa langu likawa stoo ya majembe. Wenzangu wakilala, mimi nilikuwa na kibatari changu kati ya majembe na makwanja.

Asiyepata kupiga gita huenda asijue kwamba chombo hiki humwumiza mtu. Nyuzi ni za chuma, tena zimekazwa. Ukizibana kwa ncha za vidole vya mkono wa kushoto, ngozi huuma, huchubuka, kisha baada ya majuma kadhaa hufanya sugu. Sugu zikishaota maumivu huondoka, na hapo ndipo kujifunza hasa kunapoanza. Lakini sugu hazikai bure. Ukiacha kupiga kwa muda, ngozi hulainika kama ya mtoto, na siku ya kurudi unaanzia tena kwenye maumivu. Nimerudi hivyo mara nyingi, sihesabu tena.

Katika mahafali yetu ya mwaka 1973 nilipiga kipande cha Mbaraka, ile sehemu ya katikati ambapo waimbaji hunyamaza na gita likabaki likisema peke yake. Nilishangiliwa sana. Mkuu wa Chuo aliinuka akanipa mkono. Tangu siku ile kipande kile kikawa kama cheti changu cha pili, nami nilikionyesha kila nilipohamishiwa: kwenye arusi, kwenye sikukuu za shule, na mbele ya wageni wa Idara ya Elimu.

Miaka ya kazi sitaieleza yote. Niseme tu kwamba miaka ile ya mwanzo wa themanini, baada ya vita vya Kagera, ambapo hata sabuni ilikuwa ya kupigania, uzi wa gita haukupatikana dukani. Uzi wa kwanza ukikatika tulifumua waya wa breki ya baiskeli, tukachukua uzi mmoja mwembamba na kuufunga. Sauti yake ilikuwa ya kukwaruza, na vidole vilikoma. Hata hivyo, sikumbuki usiku wa miaka ile niliokosa hamu. Leo nyuzi zinauzwa kwa pakiti, ninazo mbili kabatini, nami siligusi gita.

Nilistaafu mwaka 2011 na kuapa kwamba kila asubuhi ningefanya mazoezi ya saa nzima. Nilichora ratiba kwenye karatasi ya manila, kwa rula, na vyumba vya kuweka alama ya vema. Mke wangu alicheka, akaniuliza kama mkaguzi angekuja lini. Lakini nilifuata, na kwa miaka mingi mambo yalikwenda vizuri.

Kisha ikaja Desemba ya mwaka 2023. Mjukuu wangu anayesoma sekondari alikuja likizo, akanikuta napiga kipande changu kile. Akatafuta wimbo wenyewe katika simu yake, akaupata. "Babu," akaniambia, "unataka niupunguze mwendo?" Sikujua kama jambo hilo linawezekana. Akabonyeza hapa na pale, wimbo ukatembea polepole, sauti isiharibike, na gita la Mbaraka likapita mbele yangu noti moja moja, kama wanafunzi wanaoingia darasani kwa mstari. Pale ambapo mimi nilikuwa nikipiga noti nne, yeye alipiga sita. Na mbili kati ya zile nne zangu hazikuwemo kabisa.

Miaka 50 nimekuwa nikipiga makosa, tena kwa fahari. Kijana hakusema neno. Aliangalia mkono wangu wa kushoto, kisha akaangalia simu.

Mwanzoni nilijitahidi kusahihisha. Lakini vidole vilivyozoea njia moja kwa nusu karne ni kama punda wa kwenda kisimani: hujaribu kumgeuza, yeye anashika njia ile ile. Hamu haikuondoka siku moja. Siku ya kwanza palikuwa na msiba kwa jirani, siku ya pili mvua, siku ya tatu hapakuwa na sababu yoyote. Nikaanza kutumia muda mwingi kulipangusa gita na kulikaza nyuzi, na muda mchache kulipiga. Baadaye nikawa napiga nyimbo ninazozijua tu, zile rahisi, na kuweka alama ya vema kwenye manila. Huko hakukuwa kufanya mazoezi, mwalimu yeyote angeliona hilo. Mwishowe hata hizo rahisi zilinichosha, maana sikio lilikuwa limeamka, na kila nilichopiga lilikuta kina kasoro.

Ndipo nilipomkumbuka kijana mmoja.

Mwaka 1988 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi yenye bendi ya filimbi na ngoma. Mpigaji wetu bora wa filimbi alikuwa mvulana wa darasa la sita. Ghafla akaanza kukwepa mazoezi. Nilimwita ofisini, nikamwuliza sababu. Alisimama akiangalia vidole vya miguu yake, akasema: "Mwalimu, zamani nilikuwa nasikia wimbo. Siku hizi nasikia makosa tu."

Nilichukulia kwamba ni ujanja wa maneno. Kesho yake asubuhi, mstarini, mbele ya shule nzima, nilimnyang'anya filimbi na kumpa mwingine, nikasema maneno juu ya uvivu ambayo sitayarudia hapa.

Sasa naona kwamba mtoto yule alikuwa amenieleza hali yake kwa usahihi kuliko ripoti zangu zote. Sikio lake lilikuwa limekua, mkono ulikuwa bado haujalifikia. Mtoto asiyeendelea hasemi maneno kama yale, kwa sababu hasikii kosa. Alihitaji mtu wa kumwambia achukue noti tatu tu, polepole, kisha arudi kesho. Ni kazi ya dakika tano. Nilikuwa na cheti cha ualimu na miaka zaidi ya kumi ya kufundisha, nami nikampa aibu.

Mwaka jana nilimkuta sokoni akiuza mchele. Mvi zimemwanza. "Shikamoo, Mwalimu." Nikaitikia, na alipokuwa akinipimia nikamwuliza kama anaikumbuka ile filimbi. Akacheka. "Naikumbuka, Mwalimu. Ilikuwa na ufa karibu na tundu la mwisho, nikauziba kwa nta." Nikamwambia kwamba siku ile nilimkosea. Alinyamaza kidogo, akaongeza mchele juu ya kipimo, akaufunga mfuko. "Yameisha, Mwalimu." Nikamwuliza kama alipata kupiga tena. "Hapana," akasema, na mteja mwingine akawa amefika.

Jana nimelishusha gita. Nimetoa utando wa buibui, nimebadilisha uzi wa kwanza ambao ulikuwa umeshika kutu. Katika zile noti sita nilichukua tatu za mwanzo, nikazirudia polepole mpaka mke wangu akaja mlangoni kuuliza kama gita limeharibika. Nikamwambia ni mimi ndiye niliyeharibika. Leo kidole cha shahada cha mkono wa kushoto kinauma kweli kweli. Bahati nzuri kalamu naishika kwa mkono wa kulia.