Niliacha Radi, Nikachukua Uponyaji

Mtu wa Rukwa hachagui uchawi wake, huchaguliwa. Taja Sumbawanga ndani ya basi lolote linalotoka Mbeya kwenda Dar es Salaam, hatakosekana wa kukuuliza kama ni kweli kwenu watu hurushiana radi mchana kweupe, anga likiwa halina hata wingu. Nimeulizwa swali hilo tangu nilipoanza kutoka nyumbani Milepa. Wengine huuliza kwa utani, wengine kwa hofu ya kweli. Sifa hiyo ilinifuata hadi mahali ambapo sikuitarajia kabisa: kwenye gemu za kompyuta, nilipotakiwa kusema mchawi wangu awe wa aina gani.

Nazungumzia gemu zile unazoumba mhusika wako mwenyewe, ukampa jina na sura, kisha ukaingia naye katika nchi za kubuni zenye majoka, mapepo na falme zinazopigana. Unaweza kumfanya mpiganaji wa upanga, mwizi wa kunyatia gizani, au mchawi. Mimi upanga sijawahi kuushika. Lakini ukishasema uchawi, gemu haikuachi hapo. Inakutaka useme uchawi upi, na jibu lako ndilo litakaloamua utacheza vipi mpaka mwisho.

Milepa iko bondeni, chini ya ukuta wa Lyamba lya Mfipa, upande wa Ziwa Rukwa. Juu uwandani, Sumbawanga, ni baridi ya koti na blanketi mbili. Kwetu chini ni joto, mpunga, ufuta na samaki aina ya magege kutoka ziwani. Mvua ikianza Novemba huja na radi zinazoua watu na ng'ombe. Bibi aliyenilea alikuwa na utaratibu wake mara tu anga linapoanza kunguruma. Kioo cha ukutani kilifunikwa kanga. Sufuria zinazong'aa ziliingizwa ndani na kufudikizwa. Aliyevaa nguo nyekundu aliivua hata kama hana nyingine kavu. Tukakaa sakafuni mbali na mlango, na hakuna aliyepaza sauti mpaka ngurumo zihamie ng'ambo ya ziwa.

Nilipopanda mlima kwenda sekondari mjini, ndipo nilipokutana na gemu. Sumbawanga wakati ule ilitumia umeme kutoka Zambia, na ulipokatika, ulikatika. Karibu na stendi kulikuwa na duka la kuchapa barua na kutoa fotokopi, na jioni mwenye duka alitukodisha kompyuta yake moja kwa saa. Ndani yake kulikuwa na Diablo II, gemu ya kampuni ya Blizzard ya Marekani iliyotoka mwaka 2000. Ilikuwa kuukuu tayari, lakini huo ndio uliokuwa uzuri wake. Haikuhitaji intaneti wala mashine yenye nguvu. Megabaiti 32 za kumbukumbu ziliitosha.

Mchawi wa gemu ile ni mwanamke, na ujuzi wake umegawanyika matawi matatu: moto, barafu na radi. Kila unapopanda levo unapewa pointi moja ya kuweka kwenye tawi unalotaka, na levo ya mwisho ni 99. Pointi ikishawekwa, wakati ule, haikutoka tena. Ni mwaka 2010 tu, katika toleo la 1.13, ambapo Blizzard waliruhusu wachezaji kuzirudisha pointi na kuzipanga upya. Kwa hiyo jioni yangu ya kwanza nilikaa mbele ya skrini nikisita, na saa niliyolipia inakwenda. Mwenye duka, mtu wa Mbeya, akaniinamia begani.

"Dogo, wewe si mtu wa hapahapa?"

"Ndiyo, kaka. Wa Milepa."

"Sasa unawaza nini? Weka radi."

Nikaweka, na wenzangu waliokuwa wakisubiri zamu wakashangilia kana kwamba nimefunga goli. Niseme wazi kwamba niliipenda. Radi ya Diablo II ina tabia ya radi ya kweli, haitabiriki. Pigo moja linaweza kumpunguzia adui kitu kidogo mno, kwa sababu kima chake cha chini ni 1, na pigo linalofuata likamwangusha papo hapo. Kuna ujuzi mmoja unaoita tufani ikufuate. Unatembea tu, na kila baada ya muda mwale unashuka wenyewe kwa adui aliye karibu. Mtoto aliyekulia sakafuni, kioo kimefunikwa kanga, sasa alikuwa ndiye mwenye ngurumo. Nilimcheza mchawi yule kwa miaka, na nilipofika Dar es Salaam kusoma chuo, hosteli nzima ilinijua kwa jina moja, Radi. Jina lilinifungulia urafiki mwingi. Lilinifanya pia niwe mtu ambaye, mwenzake akiugua ghafla baada ya kugombana naye, hutazamwa mara mbili.

Huko hosteli ndiko nilikocheza Dragon Age: Origins, gemu ya Bioware ya Kanada iliyotoka mwaka 2009, kwenye kompyuta ya kuazima. Katika nchi yake ya Thedas, mtoto akionekana na kipaji cha uchawi huchukuliwa kwa wazazi wake na kufungiwa kwenye mnara pamoja na wachawi wengine wote. Mnara umesimama ndani ya ziwa, na wanajeshi wa dini wanaulinda mchana na usiku. Haijalishi kipaji chako ni cha kuua au cha kutibu, wote humo ndani. Ukifika levo ya saba unachagua fani, na fani za wachawi ni nne: mchawi anayepigana kwa silaha, anayejigeuza mnyama, wa damu, na mponyaji.

Rafiki zangu walijua jibu langu. Radi aende kwenye damu! Mchawi wa damu huroga kwa kutumia uhai wake badala ya nguvu za kawaida, huwatawala maadui kama vibaraka, na akipungukiwa anaweza kufyonza uhai wa mwenzake anayepigana upande wake. Ili mhusika wako aipate fani hiyo, inakubidi upatane na pepo aliyemwingia mtoto mdogo, umwachie mtoto, naye akupe elimu. Nilifika mbele ya pepo yule, nikasoma maneno yake yote, kisha nikaifunga kompyuta. Ilikuwa likizo, na kesho yake nilikuwa na safari ya nyumbani.

Bibi hakuwa mganga wa kuwekewa kibao barabarani. Alikuwa tu mwanamke ambaye majirani walimletea watoto. Likizo ile aliletewa mtoto mwenye kifua kilichokaza. Alichemsha majani kwenye chungu, akaketi na mtoto mapajani, akajifunika naye blanketi moja, na mvuke ukawafukiza wote wawili. Nilisikia akihesabu pumzi za mtoto kwa Kifipa. Alipotoka, uso unatiririka jasho na macho yamewiva kwa mvuke na moshi, alimwambia mama mtu ampeleke zahanati asubuhi ileile asichelewe, akanituma nitafute bodaboda.

Macho yale mekundu ndiyo yaliyonitia hofu. Tanzania imewaua wanawake wazee wengi kwa macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni wa miaka yote waliyowapikia wengine. Jioni nilimuuliza kama aliwahi kusingiziwa. Akanihadithia Kamchape.

Kamchape walikuwa wasaka wachawi waliopita kwetu Ufipa kwa nyakati tofauti kuanzia miaka ya 1930, na wakarudi 1963 na 1964, bibi akiwa binti. Mwanaanthropolojia Roy Willis, aliyekuwa akiishi Ufipa miaka hiyo, aliwaandika. Bibi alikumbuka watu wa kijiji kupangwa mstari na kunyweshwa dawa, na pembe za dawa kutolewa majumbani na kurundikwa mahali pamoja. Mama yake alitoa ya kwake. Ilikuwa ya kutuliza uchungu wa kujifungua. Hakuna aliyeuliza ni ya nini.

Miaka baadaye nilisoma kuhusu rundo kama lile. Audrey Richards, Mwingereza aliyewatafiti Wabemba ng'ambo ya mpaka, aliwakuta wasakaji wa namna hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1930 na akapata nafasi ya kuzikagua pembe zilizosalimishwa. Kati ya pembe 135, 11 tu ndizo zilizohesabiwa kuwa za kudhuru watu. Zilizobaki zilikuwa dawa za kawaida. Nimeyarudia maneno yale mara nyingi, na kila mara nawaza pembe ya mama yake bibi.

Niliporudi Dar sikupatana na pepo. Nilikwenda kumtafuta Wynne. Huyu ni mhusika wa gemu, mponyaji, bibi mwenye mvi. Unamkuta mnarani siku wachawi wa damu wameasi na mapepo yamejaa kila ghorofa. Yeye ameziba njia kwa kizuizi cha uchawi, na nyuma yake kuna watoto. Baadaye anakueleza kwamba alikwisha kufa siku ileile, na kwamba roho njema ndiyo inayomshikilia. Sikuwahi kumwona mwanamke mzee mwenye uchawi akisimuliwa kwa heshima namna hiyo, katika filamu zetu wala za wengine. Nikampa mhusika wangu uponyaji, na nikaanza kujifunza gemu upya.

Maana mponyaji hachezwi kama radi. Mcheza radi humtazama adui. Mponyaji huitazama mistari ya damu ya wenzake pembeni mwa skrini, na anatakiwa ajue nani ataanguka kabla hajaanguka. Ana ujuzi wa kuwatibu wote kwa pamoja, ujuzi wa kuwainua walioanguka, na mmoja ninaoupenda kuliko wote: unamwekea mwenzako kinga ambayo hukaa kimya mpaka akaribie kufa, ndipo imrudishie uhai. Inahitaji kufikiri mbele, na ushindi wake hauonekani. Pambano likiisha wote wakiwa wamesimama, wanaotazama husema lilikuwa rahisi. Dragon Age II ya mwaka 2011 ilimbakiza mponyaji kati ya fani tatu, ikampa na sura nyingine: Anders, mchawi mtoro anayewatibu wakimbizi bila malipo katika mitaa ya chini ya mji wa Kirkwall.

Kisha Bioware wakamwondoa mponyaji. Katika Dragon Age: Inquisition ya mwaka 2014, matibabu yakawa chupa chache za dawa zinazogawanywa na kundi zima, na fani za mchawi zikawa upanga wa mwanga, ufufuaji wa maiti, na uchawi wa kupasua anga. Katika The Veilguard ya mwaka 2024 fani ni tatu tena, na hakuna hata moja ya mponyaji. Watengenezaji wana sababu zao, pambano la kasi likiwa mojawapo. Mimi naona hasara yake ni kubwa kuliko faida. Chanzo chake ni cha zamani zaidi ya Dragon Age. Dungeons & Dragons, gemu ya mezani ya mwaka 1974 iliyozaa hizi zote, ilikuwa na watu wa aina tatu tu, mpiganaji, mchawi na kasisi, na uponyaji ikampa kasisi. Tangu hapo, gemu nyingi humjua mchawi kwa kile anachobomoa. Ukiwaza hivyo, hata rundo la pembe linaonekana ni sawa.

Ufipa haikuwaza hivyo. Mafundi wetu wa chuma walijenga malungu, tanuri ndefu za udongo zilizovuta hewa zenyewe bila mivukuto, na dawa ilikuwa sehemu ya kazi yao kama ilivyokuwa kuni na udongo. Nyingine bado zimesimama uwandani. Elimu ya kujenga, ya kutibu na ya kuogopwa ilikaa kwa watu wa jamii moja, na wenyeji walijua kutofautisha.

Waafrika wameanza kutengeneza gemu za namna hii. Kiro'o Games wa Cameroon walitoa Aurion mwaka 2016, nguvu za shujaa wake zikitoka kwa mababu zake. Ilinipa moyo. Ninyi vijana wa Dar, Arusha, Nairobi na Kampala mnaojifunza kazi hii, njooni na Rukwa. Radi tunayo, iwekeni, ni nzuri na ni yetu. Lakini mkifika kwenye ukurasa wa kuchagua mchawi, mwekeni mponyaji juu kabisa ya orodha, mpeni mvi na macho mekundu, na mpeni uwezo wa kutosha kuimaliza gemu nzima.