Pikipiki Iliyokula Oili

Kisarawe ni mji wa vilima, kusini-magharibi ya Dar es Salaam, na njia zake nyingi ziendazo vijijini ni za udongo. Wakati wa kiangazi vumbi la njia hizo huingia hata katika sanduku lililofungwa. Katika mji huo alikuwako kijana aliyejipatia riziki kwa pikipiki, akichukua abiria na magunia ya mihogo. Pikipiki haikuwa mali yake bado. Aliipata kwa mkataba, maana yake kila juma hana budi kumpelekea mwenyewe hesabu, na muda waliopatana ukitimia itakuwa yake. Asipoleta hesabu, mwenyewe huitwaa, na yote yaliyokwisha kulipwa hupotea.

Ilipobaki miezi minne tu, injini ilianza kutoa moshi wa buluu.

Moshi wa injini una rangi zake. Ulio mweusi ni wa petroli iliyozidi kiasi. Ulio wa buluu ni wa oili inayoungua mahali isipotakiwa kufika. Kila asubuhi kijana alitia oili, na kila jioni aliikuta imepungua. Kilima alichokuwa akikipanda na abiria na gunia, sasa alikipanda peke yake kwa taabu. Wenziwe kijiweni wakamwambia, "Tia oili nzito, moshi utakwisha." Akatia, na kwa siku mbili moshi ulipungua; siku ya tatu ulirudi. Basi akamwendea mjomba wake, fundi mzee ambaye mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka, lakini akili yake ilikuwa nzima.

"Shikamoo, mjomba. Ringi zimekwisha, nami nimeweka fedha ya kununua nyingine."

"Marahaba, mpwa wangu. Nani amekuambia kuwa ni ringi?"

Mzee alimwagiza afungue plagi, atie kijiko kimoja cha oili ndani ya silinda, kisha arudishe plagi na kupiga kiki. Kiki, iliyokuwa nyepesi, sasa ikawa nzito. Oili ile ilikuwa imeziba upenyo kati ya ringi na silinda. Kama kiki isingebadilika, hewa ingekuwa inatorokea kwenye valvu. Kwa kijiko kimoja cha oili walijua ugonjwa ulipo, bila kununua kitu.

Injini yenyewe ilikuwa ya silinda moja, yenye ujazo wa sentimita 125, iliyotengenezwa China kwa kufuata mfano wa Honda CG125 uliotoka Japani mwaka 1976. Katika mfano huo valvu hazivutwi kwa mnyororo, bali husukumwa na vijiti viwili virefu, na mtu aweza kukiondoa kichwa cha injini bila kuvuruga mpango wake. Kwa sababu hiyo kazi yake yawezekana nyumbani kwa spana chache.

Kijana aliiosha pikipiki kwanza, ili uchafu usidondokee ndani, akatandika shuka chumbani, si chini ya mwembe penye upepo na vumbi. Kila burasi alilitia katika kopo lake na kuandika juu yake lilikotoka. Silinda ilipotoka, ikaonekana imeng'aa kama kioo. Hakuwa na chombo cha kupimia upana wake. Mzee akasema, "Unayo ringi ya zamani, na hesabu ulijifunza shuleni."

Ringi ni duara lililokatwa mahali pamoja, na pale lilipokatwa pana nafasi ndogo. Kijana aliitia ile ringi chini kabisa ya silinda, mahali pasiposuguliwa, akaisawazisha kwa kuisukuma na pistoni, akaipima nafasi yake kwa vipande vyembamba vya chuma vilivyoandikwa unene wake. Ikawa milimita 0.40. Kisha akaipandisha karibu na juu, mahali pa joto na msuguano mwingi. Ikawa milimita 1.00. Tofauti ni 0.60. Mzingo wa duara ni kipenyo mara 3.14, basi 0.60 ikigawanywa kwa 3.14 yapatikana 0.19. Silinda ilikuwa imepanuka kwa kiasi hicho, na kiasi kinachovumiliwa katika injini hiyo ni 0.10 tu.

"Ringi mpya katika silinda hii," alisema mzee, "ni mfuniko mpya juu ya chungu kilichopinda mdomo."

Neno hili lilikuwa zito, maana fedha ilitosha ringi tu. Kijana akaenda kwa mwenye pikipiki, akamweleza mambo yote na kumwonyesha hesabu aliyoiandika. Akapewa majuma matatu. Katika majuma hayo alifyatua matofali ya watu toka alfajiri, na mwisho wake akapanda basi kwenda Kariakoo.

Huko alinunua pistoni iliyozidi ile ya kwanza kwa milimita 0.50, pamoja na ringi na gasketi zake. Pistoni hununuliwa kwanza, kisha silinda huchongwa kuifuata, kwa sababu nafasi kati yao ni nyembamba kuliko unywele. Silinda ya milimita 56.50 ikachongwa ikawa ya 57.00. Aliporudi aliiosha kwa maji ya moto na sabuni, mara nyingi, mpaka kitambaa cheupe kilichopitishwa ndani kikatoka cheupe. Wengi huiacha kazi hii, na unga wa chuma uliobaki huzila ringi mpya katika siku chache.

Kisha akasaga valvu, akazijaribu kwa kumimina petroli katika tundu zake, haikuvuja. Ringi alizipanga mikato yake isikae mahali pamoja. Nafasi za valvu alizipima injini ikiwa baridi, 0.08 kila moja.

Lakini vumbi lililosugua silinda lilipita wapi? Mzee alipofungua sanduku la kichujio cha hewa, alikuta sponji imeraruka, imefungwa kwa kipande cha kanga. Sponji mpya ni kitu cha fedha ndogo kuliko vyote vilivyonunuliwa, nayo ndiyo iliyokosekana tangu mwanzo. Wako vijana wanaokitupa kichujio na kutoboa silensa ili pikipiki iwe na nguvu. Wapatacho ni kelele.

Injini ilipowaka na kupata moto, kijana aliikaza skrubu ya mchanganyiko katika kabureta polepole hadi mwisho, akairudisha mzunguko mmoja na nusu, akaigeuza kidogo huku na huku mpaka mlio ukawa sawa. Baada ya safari fupi alifungua plagi. Ilikuwa na rangi ya kahawa iliyotiwa maziwa, si nyeusi wala nyeupe.

Kwa kilomita 500 za kwanza hakubeba gunia wala hakukimbiza. Oili aliyoimwaga mara ya kwanza ilimetameta chembe za chuma ikimiminwa juani. Ya pili haikumetameta. Juma lililofuata alipeleka hesabu, pamoja na nusu ya ile iliyochelewa.